Mfumo Ufuate Kampuni, au Kampuni Ifuate Mfumo?

Hoja: Kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi, yenye makao Dar es Salaam na matawi Mwanza na Mbeya, inafikiria kuweka kando programu ya uhasibu ya Tally, Excel na madaftari, iendeshe biashara nzima kwa mfumo mmoja, ule ambao mafundi huuita ERP. Wapo wanaotaka mfumo wa makampuni makubwa ya nje, wapo wanaotaka programu huria, na wapo wasioona sababu ya kuhama.

MHASIBU MKUU: Kila mwisho wa mwezi nafunga hesabu mara tatu. Tally ya makao makuu inasema hili, Excel ya Mwanza inasema lile, na daftari la Mbeya linanifikia kwa picha za WhatsApp. Nikimaliza kuzioanisha, mwezi mwingine umeshafika katikati. Bosi akiniuliza sasa hivi tuna nondo ngapi za milimita 12 nchi nzima, sina jibu. Nitampigia Mzee wa stoo, naye atapiga simu mbili nyingine. Nataka oda, stoo, mauzo, madeni ya wateja na leja vikae mahali pamoja. Karani akitoa ankara Mwanza, stoo ipungue, deni la mteja lipande na leja iandikwe kwa tendo hilohilo. Pendekezo langu ni SAP Business One, au Business Central ya Microsoft. Zimejaribiwa na wakaguzi wanazifahamu.

MSIMAMIZI WA STOO: Dada, haja yako naielewa. Ila nondo hazipungui kwa sababu kompyuta imeandika. Zinapungua zinapopakiwa. Hesabu yangu inaharibika siku gari limetoka saa moja usiku na karatasi ikaja kesho yake asubuhi. Ni mfumo gani kati ya hiyo miwili unaomzuia dereva asitoke?

MHASIBU MKUU: Wowote. Hati ya kutolea mzigo haichapwi mpaka ankara iidhinishwe, na mlinzi hafungui geti bila hati.

MSIMAMIZI WA STOO: Basi anayezuia ni mlinzi. Hilo tungeweza kulianza kesho kwa kitabu cha shilingi elfu mbili.

MWENYE KAMPUNI: Mimi nimesikia SAP ni ya viwanda vya Wajerumani na makampuni ya mafuta. Sisi tunauza saruji na misumari. Hatujivishi koti la mtu mwingine?

MHASIBU MKUU: SAP yenyewe, ndiyo. Ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, na mfumo wake mkubwa ni wa makampuni makubwa kweli. Lakini Business One ina asili nyingine: ilibuniwa Israel kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, SAP ikamnunua aliyeitengeneza mwaka 2002. Business Central nayo mizizi yake ni Navision ya Denmark, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo wa 2002, na jina hili la sasa ikapewa 2018. Zote mbili zilitengenezwa kwa watu wa ukubwa wetu, wenye mhasibu mmoja na stoo tatu.

MTAALAMU WA MIFUMO: Na hapo dada amenisaidia, kwa sababu kama asili yake ni programu za kampuni ndogo, basi sehemu kubwa ya bei tunayotajiwa ni ya jina. Business Central inalipiwa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Ukiongeza karani mmoja Mbeya, umeongeza bili mpaka siku atakayoondoka. Business One unaweza kununua leseni ikawa yako, lakini ada ya matengenezo ya kila mwaka iko palepale. Mimi napendekeza ERPNext, iliyotengenezwa Mumbai. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL: stoo, mauzo, manunuzi, leja, vyote vimo, na hakuna toleo la pili lililofungiwa ndani. Odoo ya Ubelgiji pia ni nzuri, ila ina matoleo mawili. Lile la bure linakupa ankara na stoo. Uhasibu uliokamilika uko kwenye lile la kulipia. Watu wengi hapa mjini huambiwa Odoo ni bure, wakaligundua hilo wakati mkaguzi ameshafika.

MHASIBU MKUU: Mdogo wangu, nikuulize swali moja tu. Benki ikikuita mwezi wa sita kwa mshahara mara mbili, hiyo ERPNext atabaki nayo nani?

MTAALAMU WA MIFUMO: Swali la haki. Na mimi nakuuliza hilohilo kuhusu SAP. Hatuuziwi na Wajerumani. Tunauziwa na wakala wa hapa Dar, na ndani ya huyo wakala kuna vijana wawili au watatu wanaoujua mfumo kwa undani. Benki haiwezi kuwaita hao? Tofauti ni kwamba nikiondoka mimi, msimbo wote uko wazi na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Python, lugha inayofundishwa vyuoni. Akiondoka yule wa wakala, unasubiri wakala mwingine aliyeidhinishwa.

MHASIBU MKUU: Wakala nina mkataba naye. Nikikwama tarehe 20, siku ya kupeleka ritani ya VAT, mkataba unasema saa ngapi anatakiwa awe ameshajibu. Wewe utakuwa na nia njema tu.

MTAALAMU WA MIFUMO: Mkataba wa huduma unauzwa hata kwa programu huria. Leseni kutolipiwa hakuna maana kwamba kazi ni ya bure, na sijawahi kumwambia Bosi hivyo. Nasema fedha ileile iende kwenye kazi: kusafisha orodha ya bidhaa, kufundisha watu, kuhesabu stoo.

MSIMAMIZI WA STOO: Sasa mmefika kwangu. Nondo tunanunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Tani ya nondo za milimita 12, zenye urefu wa mita 12, inatakiwa kuwa vipande kama 94. Lakini chuma kikiwa chembamba kidogo kuliko kinavyodai, tani hiyohiyo inatoa vipande zaidi ya 100. Nikipokea tani 30, mfumo utaandika vipande vingapi?

MHASIBU MKUU: Tutaweka kiwango kimoja cha kubadilisha. Tani moja, vipande 94.

MSIMAMIZI WA STOO: Ukifanya hivyo, kila mzigo mwembamba utanipa ziada ya vipande isiyo na maelezo, na kila mzigo mnene utanionyesha mwizi. Mimi huwa naupima kwenye mzani na kuuhesabu, naandika vyote viwili. Na pembeni naandika kwamba muuzaji fulani chuma chake si cha kipimo. Alama ile ya pembeni imeiokoa kampuni hii na wakandarasi wenye hasira mara nyingi kuliko leja yoyote.

MTAALAMU WA MIFUMO: Ndiyo maana nataka mfumo tunaoweza kuubadilisha. Fomu ya mapokezi itakuwa na sehemu mbili, uzito uliopimwa na vipande vilivyohesabiwa, na kipimo cha chuma kitajikokotoa chenyewe kwa kila muuzaji. Hiyo alama ya pembeni ya Mzee itakuwa ripoti ambayo Bosi anaisoma kabla ya kuagiza tena.

MHASIBU MKUU: Na hapo ndipo kampuni huzama. Mnaanza na fomu moja. Kesho Mwanza wanataka yao, keshokutwa Mbeya. Halmashauri ya jiji la Birmingham kule Uingereza ilihama kutoka SAP kwenda Oracle mwezi Aprili 2022. Badala ya kuuchukua mfumo ulivyo, wakaupinda ufuate mazoea yao, na sehemu ya kulinganisha hesabu za benki ndiyo iliyowaangusha vibaya. Bajeti iliyokuwa karibu pauni milioni 20 ikapanda hadi kukadiriwa kupita milioni 100. Jiji kubwa kama lile likashindwa kujua mapato na matumizi yake ipasavyo, na dawa waliyoichagua baadaye ilikuwa kuusimika upya mfumo huohuo, safari hii bila kuupinda.

MWENYE KAMPUNI: Kwa hiyo tusirekebishe kitu?

MTAALAMU WA MIFUMO: Bosi, kuna hadithi ya pili, naomba uisikie kabla hujaamua. Lidl, maduka ya Wajerumani, walitumia miaka saba na takriban euro milioni 500 kusimika SAP, na mwaka 2018 wakaitupa. Moja ya sababu kubwa iliyotajwa: Lidl huthamini stoo yao kwa bei waliyonunulia, na mfumo wa SAP wa maduka ulijengwa kwa kutumia bei ya kuuzia. Ni kampuni iliyofanikiwa kwa miongo kwa namna yake ya kuhesabu, ikanunua mfumo usioijua namna hiyo. Walikuwa na kosa gani kushikilia kilichowatajirisha?

MHASIBU MKUU: Kosa lao ni kusaini kabla ya kuliona hilo, kisha kulipia marekebisho miaka yote hiyo wakitumaini yataziba pengo. Mbona hadithi yako ni yangu?

MTAALAMU WA MIFUMO: Si yako. Wewe unasema kampuni ijipinde. Mimi nasema ukimleta mgeni asiyejua kazi yako, hata ukijipinda kiuno hamtaelewana.

MSIMAMIZI WA STOO: Nyote wawili mnazungumzia makampuni ya Ulaya. Mimi najua hiki: katika stoo yangu bidhaa moja ina majina manne. Kuna "Nondo 12", kuna "Nondo mm12", kuna "Chuma 12", na kuna kijana Mbeya anaandika "Round bar". Zote ni kitu kimoja. Mkiziingiza hivyo kwenye mfumo wowote, wa bure au wa kulipia, mtapata bidhaa nne, kila moja na salio lake la uongo. Hiyo kazi ya kusafisha ataifanya nani? Mafundi wa wakala hawajui nondo. Nitaifanya mimi, usiku, baada ya kufunga geti, na katika bei zenu zote sijaona mstari wa usiku wangu.

MWENYE KAMPUNI: Mzee, hilo tutaliweka.

MSIMAMIZI WA STOO: Liandikwe, Tajiri.

MHASIBU MKUU: Liandikwe, na mimi namuunga mkono. Lakini turudi kwenye jambo lisilosubiri, mamlaka ya mapato, TRA. Ankara inayochapwa na mfumo wowote kati ya hii si risiti ya kodi. Tangu mashine za risiti za EFD zilipoingia mwaka 2010, mteja aliyesajiliwa VAT anataka risiti halali, la sivyo hadai kodi yake ya asilimia 18. Mfumo wetu lazima uongee na VFD, yaani mashine hiyo iliyo programu, moja kwa moja, risiti itoke papo hapo yenye namba ya uhakiki. Leo karani anaandika Tally, kisha anaandika tena kwenye mashine. Hapo katikati tarakimu zinabadilika, na anayetafutwa na mkaguzi wa kodi ni mimi.

MWENYE KAMPUNI: Na mwakani nataka ghala Kampala, kwa sababu mzigo wa Mwanza nusu unavuka mpaka wa Mutukula. Kule nako?

MHASIBU MKUU: Uganda wana mfumo wao wa ankara za kodi, EFRIS, tangu Januari 2021. Ukienda Kenya kuna eTIMS, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Nchi tatu, mamlaka tatu, mitambo mitatu. Mawakala wa SAP na Microsoft wako Kampala na Nairobi, na wameshaunganisha wateja wengine. Kijana wetu ataanza kuandika viunganishi hivyo kimoja baada ya kingine.

MTAALAMU WA MIFUMO: Vya ERPNext na Odoo pia vimeshaandikwa na watu wa Nairobi na Kampala, na vingine viko wazi kabisa. Lakini nakubali sehemu moja: mamlaka ikibadilisha masharti ghafla, aliye na wateja mia kwenye mkataba atawahi kuliko mimi peke yangu. Hilo ni la dada. Na nitaongeza jambo linalonigharimu mimi mwenyewe: programu huria nayo inakimbia. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka na kuhudumia matatu ya mwisho tu. Ukikaa miaka minne bila kupanda, uko peke yako.

MHASIBU MKUU: Ahsante kwa ukweli.

MTAALAMU WA MIFUMO: Nawe uuseme wa kwako. SAP imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake mkubwa wa zamani, ECC, yatakwisha mwishoni mwa 2027. Makampuni yaliyotumia miaka kumi kuuzoea yanaambiwa yahamie kwenye mfumo mpya, S/4HANA. Si mfumo tunaoutaka sisi, lakini mwenye kuamua ni yuleyule. Na Intuit, wenye QuickBooks, walifunga huduma hiyo India mwaka 2023. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, wafanyabiashara wakaambiwa wahamishe data zao. Sisi Tanzania tuna uzito gani mbele ya uamuzi kama huo?

MWENYE KAMPUNI: Hapo ndipo mnaponirudisha kwa Tally yangu. Niliinunua wakati kampuni ni duka moja Kariakoo. Leseni ni yangu, iko kwenye kompyuta yangu, haihitaji intaneti. Mhasibu yeyote ninayemwajiri anaijua siku ya kwanza. Mnaniambia ni ya kizamani, lakini imetufikisha miji mitatu.

MHASIBU MKUU: Bosi, Tally naiheshimu. Tangu 1986 Wahindi wameijenga kwa kazi ya uhasibu, na kwa uhasibu wa ofisi moja sina lawama. Shida ni tunavyoitumia. Matoleo yetu ya zamani yanamruhusu karani kurudi mwezi wa tatu, akabadilisha ankara, asiachie alama. Serikali ya India yenyewe iliona hatari hiyo. Tangu Aprili 2023 kampuni za kule zinalazimika kutumia programu inayohifadhi kumbukumbu ya kila badiliko, na Tally wakatoa toleo la namna hiyo.

MWENYE KAMPUNI: Basi tununue toleo hilo, tuunganishe matawi, tumalize.

MTAALAMU WA MIFUMO: Kwa fedha kidogo hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote, sitakudanganya. Lakini kontena linatoka Guangzhou. Kuna bei ya kiwandani, meli, bima, ushuru wa forodha, bandari, wakala wa forodha, lori mpaka Mbeya. Leo tunabebesha gharama hizo kwa kukisia asilimia fulani juu ya bei. Kufuli ndogo inabebeshwa sawa na tangi la maji linalojaza robo ya kontena. Tangi tunaliuza kwa hasara bila kujua, na kufuli tunaiuza ghali mpaka wateja wanahamia mtaa wa pili. Mitatu kati ya mifumo minne tunayoizungumzia inaweza kugawa gharama za mzigo kwa uzito, kwa ujazo au kwa thamani; ERPNext inagawa kwa idadi au kwa thamani, na kwa ujazo lazima tuugawe kwa mkono. Tally inagawa pia, lakini kwa njia nyepesi zaidi, na katika miaka yote hii hakuna aliyeiwasha.

MSIMAMIZI WA STOO: Matangi nimesema miaka mitatu. Yanakula nafasi yangu yote.

MWENYE KAMPUNI: Hilo la matangi limeniingia. Sasa nielezeni intaneti. Mifumo hii inakaa wapi?

MHASIBU MKUU: Business Central kwa kawaida inakaa kwenye seva za Microsoft, mtandaoni. Huna seva ya kutunza, huna nakala rudufu za kukumbuka, jenereta ya ofisi ikizima hupotezi kitu.

MTAALAMU WA MIFUMO: Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika siku hiyohiyo. Siku kadhaa Tanzania tukatambaa. Mfumo wetu ungekuwa kwenye seva za ng'ambo, Mwanza wangeuza kwa daftari, na lile daftari dada angelipokea kwa WhatsApp, kama WhatsApp yenyewe ingefunguka. Mimi nataka seva iwe hapa Dar, kwenye kituo cha data cha ndani, na matawi yafike kupitia nyaya za nchini. Pia majina, simu na madeni ya wateja wetu ni taarifa binafsi. Sheria ya ulinzi wa taarifa hizo ilianza kufanya kazi Mei 2023, na kuzipeleka nje kuna masharti yake.

MHASIBU MKUU: Business One nayo inaweza kukaa Dar. Hiyo si sifa ya programu huria peke yake.

MTAALAMU WA MIFUMO: Kweli. Basi kwa hilo Business One inaishinda Business Central, tuandike hivyo.

MWENYE KAMPUNI: Bei?

MHASIBU MKUU: Tangu Machi 2025 wakala wa hapa haruhusiwi kututajia bei kwa dola, lazima iwe shilingi. Lakini naye analipa nje kwa dola, kwa hiyo atajikinga kwa kupandisha. Tukilipa wenyewe moja kwa moja nje, leseni ya programu inaweza kuhesabiwa kama mrabaha, na tunatakiwa kuzuia kodi ya asilimia 15. Muuzaji wa ng'ambo mara nyingi hukataa kukatwa, hivyo mzigo unatuangukia sisi. Nataka bei ya miaka mitano: leseni, kusimika, mafunzo, matengenezo, kodi, na usiku wa Mzee wa stoo. Ya mwaka wa kwanza peke yake hudanganya.

MTAALAMU WA MIFUMO: Na iwemo bei ya kutoka. Siku tukitaka kuhama, data zetu tutapewa kwa umbo gani, kwa muda gani, kwa malipo gani? Kwa ERPNext naweza kunakili hifadhidata nzima leo jioni. Kwa wengine nataka nione kipengele cha mkataba.

MHASIBU MKUU: Hilo nalichukua kama lilivyo. Sasa tarehe. Mimi nataka tuanze tarehe 1 Januari. Mwaka wa hesabu unaanza, salio linaingia safi, mkaguzi haulizi kwa nini miezi mingine iko Tally na mingine iko kwingine.

MSIMAMIZI WA STOO: Januari watu wanajenga! Mvua za vuli zimekwisha, masika bado, magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Siku hiyo mkiniletea kompyuta nisiyoijua, nitafungua geti nipakie kwa macho. Anzeni Aprili, masika ikishika, mafundi wamekaa ndani na mimi nina muda wa kuhesabu kila kipande.

MTAALAMU WA MIFUMO: Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walishauriwa watumie miezi 48 kubadilisha mifumo yao. Wakaibana kuwa 30 na kuwasha karibu kila kitu kwa pamoja Julai 1999, wakiingia kwenye msimu wa sikukuu ya Halloween. Oda za takriban dola milioni 100 hazikufika madukani, na peremende zilikuwa zimejaa kwenye maghala. Ilivyoelezwa baadaye, baadhi ya sehemu walizozoea kuhifadhia mzigo wakati wa msimu hazikuwa zimeingizwa kwenye mfumo. Mzigo upo, mfumo hauuoni.

MSIMAMIZI WA STOO: Sehemu kama hizo ninazo tatu. Moja ni uani kwa jirani.

MHASIBU MKUU: Uani kwa jirani? Hilo halimo hata kwenye bima, Mzee.

MSIMAMIZI WA STOO: Ndiyo maana nalisema leo, kabla halijanasa mtu.

MHASIBU MKUU: Nitakubali Aprili kwa sharti moja. Robo ya kwanza yote stoo ihesabiwe kila Jumamosi, ili salio ninaloingiza Aprili niweze kulitetea. Na tuanze na Dar tu. Mwanza na Mbeya wafuate mmoja baada ya mwingine.

MTAALAMU WA MIFUMO: Na kabla ya kusaini na yeyote, wauzaji wasituonyeshe slaidi. Waletewe kazi zetu. Tani 30 za nondo nyembamba, zipokelewe kwa uzito na kwa vipande. Kontena lenye matangi na kufuli, gharama zigawanywe. Mteja wa Mbeya aliyelipa kwa lipa namba kupitia simu ya mkewe, malipo yaangukie deni lake. Risiti ya VFD itoke. Tuzime intaneti katikati, tuone.

MHASIBU MKUU: Ongeza kufunga mwezi. Wengi hupokea mzigo vizuri, wakashindwa tarehe 30. Na atakayekaa kwenye kiti awe karani wetu wa kawaida. Fundi wa wakala asimame nyuma na mikono mfukoni.

MSIMAMIZI WA STOO: Ongezeni na moja, ambayo nadhani ndiyo nzito kuliko zote. Saa kumi na mbili jioni Tajiri ananipigia: mpe fulani mifuko mia ya saruji, tutaongea kesho. Ni mali kauli, hakuna ankara, hakuna hati. Nampa. Miaka yote nampa, kwa sababu aliyepiga simu ndiye mwenye mali. Mfumo mpya utafanya nini na simu hiyo?

MHASIBU MKUU: Utakataa. Mteja akipita kikomo cha mkopo, hati haichapwi, mlinzi hafungui. Mzee ndiye aliyeanza na geti. Na mimi naishia palepale.

MWENYE KAMPUNI: Huyo fulani alininunulia mzigo mwaka ambao benki zote zilinifungia mlango. Siwezi kumwambia subiri kompyuta iamke. Biashara hii imesimama kwa neno langu, na kama mfumo unazuia neno langu, basi sijui tunanunua nini.

MTAALAMU WA MIFUMO: Hautakuzuia, Bosi. Katika mifumo yote minne naweza kukupa ruhusa ya kupita kikomo, hata kwa simu yako ukiwa nyumbani. Unabonyeza, hati inatoka, Mzee anapakia. Ila kila ukibonyeza, mfumo unaandika jina lako, saa na kiasi, na maandishi hayo wewe hutaweza kuyafuta. Mimi nisingependa kukujengea mfumo ambao unaweza kuyafuta.

MHASIBU MKUU: Na mimi nipate taarifa siku hiyohiyo.

MWENYE KAMPUNI: Na mkaguzi?

MHASIBU MKUU: Na mkaguzi, mwisho wa mwaka. Deni la mifuko mia likikaa miezi tisa, lazima mtu aeleze lilitokaje. Leo anayeeleza ni Mzee wa stoo, kwa kosa ambalo si lake.

MWENYE KAMPUNI: Nileteeni kwanza hizo bei za miaka mitano. Hilo la simu yangu nitalifikiria baada ya kuziona.

MSIMAMIZI WA STOO: Tajiri, hata huo wa bure utataka jibu hilohilo. Na mimi nalihitaji kabla ya jioni ya leo, maana kuna gari lako la mifuko mia liko getini tangu saa tisa, halina karatasi.